Kati ya hoja za kale dhidi ya ujamaa, ni ipi inayoeleza anguko la korosho ya Kusini?

#1 Msomaji Mkongwe
Wakuu, habari za jioni.

Kila uzi wa Azimio la Arusha, lile la ujamaa la 1967, humu huishia pale pale: huyu anasema Mwalimu Nyerere alionewa, yule anasema tulikuwa wavivu. Waliojenga hoja dhidi ya ujamaa hata kabla hatujapata bendera hawakubishana hivyo, na nadhani tunawapuuza bure.

Hoja ya kwanza ni ya Aristotle: kitu kinachomilikiwa na wengi hutunzwa kidogo kuliko vyote. Halafu mwaka 1920 akaja Ludwig von Mises, Mwaustria, akaenda mbali zaidi. Serikali ikimiliki ardhi, viwanda na mashine zote, vitu hivyo haviuzwi wala havinunuliwi, kwa hiyo havina bei. Bila bei, mpangaji hana namna ya kujua kama reli anayoijenga inaongeza mali ya nchi au inaila. Mises hakusema wapangaji ni wezi au wajinga. Alisema hata wakiwa malaika, watapiga hesabu gizani.

Mwaka 1945 Friedrich Hayek akasema tatizo ni la maarifa. Anayejua udongo, mvua, barabara na wateja wa mahali fulani ni mtu wa hapo hapo, na mengi anayoyajua hayaandikiki kwenye ripoti. Bei ndiyo inayobeba habari hizo. Alitoa mfano wa madini ya bati: yakiadimika, bei hupanda, na watu dunia nzima hubana matumizi bila hata mmoja wao kuhitaji kujua kama ni mgodi uliofungwa au ni kiwanda kipya kilichoanza kuyahitaji.

Ya mwisho ni ya mamlaka. Bakunin, mwanamapinduzi kamili, alimwonya Marx kwamba dola ya wafanyakazi itazaa tabaka jipya la watawala.

Sasa swali. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Ni hoja ipi kati ya hizo inaeleza anguko hilo? Mimi nasimama na Hayek. Karibuni.

#2 Sisimizi
Nimekaa mkao wa kula.

#3 Kada Mkongwe
Hakuna hata moja, ndugu yangu. Umeruka historia.

Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne. Ukame wa 1973 na 1974 ukatumaliza, tukaagiza nafaka kwa fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, ikabidi tuunde shirika letu la ndege na la reli. 1978 Amin akaingia Kagera, na vita ile tuliigharamia wenyewe. 1979 mafuta yakapanda tena. Niambie ni nchi gani maskini, ya soko au ya mpango, ingepita hapo bila kuyumba. Hao Waaustria wako hawakuwa na Kagera katika hesabu zao.

#4 Mwana wa Newala
Mleta uzi, asante kwa kuitaja korosho. Nitaeleza ninachokijua kwa sababu ni habari ya kwetu.

Babu yangu alikuwa na mikorosho aliyoipanda mwenyewe, na nyumba ilikuwa katikati ya shamba. Novemba 1973 ilipotangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, familia ikahamishiwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Shamba likabaki kule kule, mbali kiasi kwamba ukienda na kurudi siku imekwisha.

Asiyetoka Kusini hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Korosho haichumwi mtini. Inakomaa, inadondoka pamoja na bibo, tunda lake, unaokota chini. Kwa hiyo kabla ya msimu lazima ufyeke na kufagia chini ya kila mti, la sivyo korosho inapotea kwenye majani. Na ukiacha majani yakue, moto wa porini ukipita kiangazi unaondoka na mti mzima. Shamba la mikorosho linamtaka mtu anayelala hapo. Bibi alikuwa akisema walikuwa wanaona moshi upande wa shambani na hawana la kufanya.

Aliyechora kijiji alijua barabara, alijua zahanati, alijua shule, na kusema kweli vyote vilikuja. Hakujua kwamba korosho inaokotwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja ya Hayek.

#5 Bwana Shamba Mstaafu
Mwana wa Newala, pole kwa ya babu. Lakini niliwahi kufanya kazi ya ugani huko na siwezi kukaa kimya ubwiri unga usipotajwa.

Huu ni ugonjwa wa ukungu. Unakamata machipukizi na maua, unayapaka unga mweupe, kisha maua yanakauka meusi na korosho haishiki. Mti unaweza kuonekana mzima kabisa na usikupe hata debe. Ulianza kuonekana Kusini mwishoni mwa miaka ya 70 na miaka ya 80 ukatapakaa. Uzalishaji ulipopanda tena miaka ya 90, sababu kubwa ilikuwa salfa: vumbi linapulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia na umande bado uko kwenye majani. Hapo hamna Mises wala Hayek, ni ukungu.

#6 Mwana wa Newala
Shikamoo mzee. Naheshimu kazi yako, lakini angalia mfuatano wa miaka. Uzalishaji ulianza kuporomoka mara tu baada ya 1974, na wewe mwenyewe umesema ugonjwa ulionekana mwishoni mwa miaka ya 70. Ulikuta mgonjwa yuko kitandani tayari.

#7 Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba. Ni kweli ulikuta hali mbaya, na kuna jambo linalokusaidia wewe. Ubwiri unga unapenda mashamba yaliyosongamana, yasiyopogolewa, ambayo hewa haipiti. Mashamba yaliyoachwa yakawa hivyo hivyo. Kwa hiyo sikatai vijiji vilichangia. Nakataa kusema vijiji peke yake.

#8 Mwanafunzi wa Mlimani
Kuna jambo kwenye namba 1 linahitaji kunyooshwa. Hoja ya Mises inahusu uchumi ambamo soko la nyenzo za uzalishaji limefutwa kabisa. Tanzania haikufika huko. Tulikuwa ndani ya soko la dunia, tulijua korosho ghafi inauzwaje India na kahawa inauzwaje London. Bei tulikuwa nazo, tuliamua tu kutompa mkulima. Mamlaka ya korosho ilikuwa mnunuzi pekee, na sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima ikazidi kupungua. Mkulima akaona haina maana kufyeka. Hapa Hayek hahitajiki, inatosha kujua kwamba mtu hafanyi kazi ya kupunjwa.

Na mleta uzi hajataja viwanda. Miaka ya 70 tulijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vilipokamilika mazao yalikuwa yameshaanguka, vingi vikasimama. Sasa niambieni: Benki ya Dunia ni wajamaa? Wataalamu wa Washington walikosea hesabu ile ile, wakiwa na bei zote za dunia mezani.

#9 Sisimizi
Namba 8 kashusha nondo. Mleta uzi, uko wapi?

#10 Msomaji Mkongwe
Nipo. Benki ya Dunia si wajamaa, lakini katika mkopo ule walikuwa wapangaji. Fedha haikuwa yao binafsi, na kiwanda kikisimama hakuna mkurugenzi wa Washington anayeuza nyumba yake. Hoja ya Hayek haimhusu mwenye kadi ya chama peke yake. Inamhusu yeyote anayeamua kutoka mbali kwa niaba ya asiowajua.

#11 Mwanafunzi wa Mlimani
Basi hoja hiyo inaangusha pia kila kampuni kubwa ya binafsi inayoamua kutoka makao makuu. Ukiipanua hivyo haituambii tena kitu kuhusu ujamaa.

Halafu kwa faida ya wasomaji: Mises na Hayek walijibiwa. Oskar Lange wa Poland, miaka ya 1930, alisema bodi ya mipango inaweza kutangaza bei, ikaangalia vitu vinabaki au vinapungua, kisha ikarekebisha, kama soko linavyofanya. Hayek alipata Nobel mwaka 1974, na aliyegawana naye alikuwa Gunnar Myrdal, mtetezi wa mipango ya serikali. Hata kamati haikuamua.

#12 Mtoto wa Dereva
Mzee wangu alisomba mahindi ya serikali kutoka Sumbawanga kwenda Dar miaka ile. Kulikuwa na bei moja ya mahindi nchi nzima. Aliyelima Kilosa na aliyelima Rukwa, bei ile ile kwa kilo. Matokeo yake kila mtu wa mbali alilima mahindi na kuiuzia serikali, na wa karibu na mji akauza kwa walanguzi waliompa zaidi. Serikali ikajikuta inanunua mahindi yaliyo mbali kuliko yote na kuyasafirisha kwa lori linalokula mafuta ya kuagiza, kwenye barabara inayovunja springi. Mzee alikuwa akisema kuna safari alizokuwa na hakika kwamba mafuta na vipuri vina thamani kuliko mzigo. Shirika la serikali lililoyanunua likaishi kwa kukopa benki ya serikali.

Bei ilikuwepo, ndiyo. Ila ilikuwa inadanganya. Namba 11, hiyo ndiyo bodi ya Lange ikifanya kazi.

#13 Binti wa Nyanda za Juu
Kaka, usiidharau bei ile. Mimi ni mtu wa Rukwa. Kabla yake kwetu palikuwa mahali pa kutoa manamba wa mashamba ya mkonge. Bei moja ndiyo iliyofanya Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa ziwe ghala la nchi. Ada, mabati, baiskeli vilitoka kwenye mahindi. Ilipoondolewa, mbolea nayo ikapanda, watu wakaachwa na mahindi yanaoza. Mlaji wa Dar ananufaika na bandari iliyojengwa kwa kodi ya wote, kwa nini mkulima wa Sumbawanga aadhibiwe kwa sababu ya jiografia?

#14 Mtoto wa Dereva
Dada, sijakataa kusaidia Rukwa. Mngepewa barabara ya lami. Ingebaki hadi leo.

#15 Binti wa Nyanda za Juu
Lami ilikuja miaka mingi baadaye. Sisi tulikuwa tunakula miaka ile ile.

#16 Jirani wa Namanga
Habari zenu ndugu wa Bongo. Nawasoma kwa makini, ila mnazungumza kana kwamba upande wa pili wa mpaka kulikuwa na soko huria. Sisi tulikuwa na Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliojiita ujamaa wa Kiafrika, na ndani yake mali binafsi ikalindwa. Lakini mahindi? Bodi ya serikali ilipanga bei, na kusafirisha magunia kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90. Polisi walikuwa vizuizini wakingoja gunia lisilo na karatasi. Mkoloni ndiye aliyeziacha bodi hizo, nyinyi na sisi tukazirithi. Mkitaka kumlaumu Marx, kwanza mmalizane na gavana.

#17 Sisimizi
Jirani, nyie si ndio wa ubepari wa mtu kula mtu? 😀

#18 Jirani wa Namanga
Na jibu letu mnalijua. 😀 Lakini nambari 16 ijibiwe.

#19 Mpemba wa Wete
Asalaam alaykum. Nyinyi mna korosho, sisi tuna karafuu.

Karafuu haingoji. Kikonyo kikishapata wekundu na ua halijafunguka, ndio wakati wake, ukichelewa siku chache thamani imeondoka. Mtu anapanda mti mrefu, anachuma, usiku familia nzima inachambua, asubuhi inaanikwa jamvini, na mvua ikitishia mnakimbia kuianua. Kazi yote hiyo, kisha mnunuzi ni mmoja tu, serikali, na anachokupa ni sehemu ndogo ya bei ya nje. Ng'ambo tu pale, Mombasa, bei ni nyengine. Watu walivuka usiku na magunia, na waliokamatwa walikiona. Hapa napiga kura yangu kwa ile hoja ya nne, ya mamlaka. Bei mbaya peke yake haimfungi mtu. Ili bei mbaya ifanye kazi lazima uweke askari ufukweni.

#20 Kada Mkongwe
Mpemba, alaykum salaam. Kumbuka nayo kwamba mnunuzi mkubwa wa karafuu alikuwa Indonesia, kwa sigara zao, na walipoanza kujitosheleza miaka ya 80 bei ya dunia ikaanguka. Hilo lisingezuiwa na soko huria la Wete.

#21 Mpemba wa Wete
Lisingezuiwa. Lakini miaka ya bei nzuri kabla ya hapo fedha ilikuwa ya nani?

#22 Msongea
Nimechoka kungoja mtu aitaje Litowa, kijiji cha kwetu Ruvuma, naitaja mwenyewe.

Ruvuma kulikuwa na chama cha maendeleo cha wanakijiji, vijiji vipatavyo kumi na saba, walioanza wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 60. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao, wakagawana mapato kwa utaratibu waliokubaliana. Hakuna aliyewaswaga. Mwalimu mwenyewe aliwapenda. Septemba 1969 uongozi wa TANU ukakipiga marufuku, TANU ikachukua kila kitu.

Kwa hiyo Aristotle amejibiwa pale Litowa: watu waliweza kutunza cha pamoja walipokuwa wanajuana na kuamua wenyewe. Kilichoua si wanakijiji. Ni viongozi wa mkoa walioona watu wanaojiamulia na wakaogopa. Bakunin alisema hilo karne nzima kabla. Na akina Issa Shivji pale Chuo Kikuu Mlimani waliliandika miaka ya 70 hiyo hiyo: warasimu walikuwa wamekuwa tabaka.

#23 Msomaji Mkongwe
Namba 22, asante sana, mchango mzito. Ila vijiji kumi na saba vya watu wanaojuana ni jambo moja, kulisha Dar es Salaam ni jingine. Mises hakuwahi kupinga kijiji kulima pamoja. Alizungumzia nchi.

#24 Msongea
Na Azimio lilizungumzia kijiji. Nchi walikuja kuidai warasimu.

#25 Mama wa Tandika
Hamjambo wanangu. Naona mnasoma sana, na ni vizuri, ila foleni nani ameitaja? Mwanzoni mwa miaka ya 80 unaweka jiwe lako kwenye mstari alfajiri, unarudi nyumbani kuandaa watoto, ukirudi jiwe lipo na sabuni imekwisha. Unga wa njano tuliuita Yanga. Balozi wa nyumba kumi ndiye anayejua nani ana watu wangapi, na ukikosana naye umekosana na sukari. 1983 wakakamatwa wahujumu uchumi, maduka yakafunguliwa, vitu vikaonekana wiki chache, kisha vikapotea kabisa kwa sababu mwenye duka aliogopa hata kuagiza. Mwaka huo huo wakaruhusu daladala za watu binafsi, na mimi nikaanza kufika sokoni mapema. Sijui huyo Hayek alisema nini, lakini niliona kipi kilifanya kazi.

#26 Fundi Mitambo
Shikamoo mama. Mimi ni wa kizazi cha kompyuta na naona hoja za 1920 na 1945 zimepitwa na wakati. Leo kila mtu ana simu, miamala inaonekana papo hapo, setilaiti inaona shamba kabla ya mavuno. Kompyuta moja ya leo ingepiga hesabu zote za tume ya mipango kwa sekunde.

#27 Mwanafunzi wa Mlimani
Lange aliandika karibu maneno hayo hayo miaka ya 60: kompyuta itachukua nafasi ya soko. Na Chile ya Allende, kati ya 1971 na 1973, ilijaribu kuunganisha viwanda vya serikali kwa mashine za teleksi na kompyuta moja, mpaka mapinduzi ya kijeshi yakaufuta mradi. Hatukupata kuona ungeishia wapi.

Swali langu kwako: setilaiti ingeiona mikorosho ya babu wa namba 4. Ingejua kwamba bibi anaona moshi?

#28 Fundi Mitambo
Ingeona moto kabla ya bibi. Na ingemtumia ujumbe.

#29 Mwana wa Newala
Ujumbe ungemkuta kijijini kando ya barabara, na hana ruhusa ya kurudi kuishi shambani. Angefanya nini nao?

#30 Mkulima wa Tandahimba
Wakuu, mnaipamba sana soko. Mimi nalima korosho leo. Soko huria lilipokuja miaka ya 90 lilikuja na kangomba: mtu anakufuata mwezi wa njaa, anakupa hela ya unga, na korosho yako ikiwa bado ua anaichukua kwa kipimo chake mwenyewe. Hiyo nayo ni bei iliyobeba habari, habari yenyewe ni kwamba una njaa. Ndiyo maana tulifurahi stakabadhi ghalani ilipoanza 2007, korosho zinakusanywa ghalani na angalau kuna mnada.

Halafu 2018 wanunuzi wakaleta bei tuliyoikataa, na Novemba serikali ikatangaza itanunua yote kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba. Wapo humu waliopiga vigelegele siku ile na leo wanamsifu Hayek.

#31 Msomaji Mkongwe
Mkulima, kangomba ni mkopo wa riba ya kuua kwa mtu asiye na pa kukopa pengine, na mimi nauchukia kama wewe. Lakini dawa yake si mnunuzi mmoja. Wanunuzi wakiwa wengi, na mkopo wa haki ukiwepo mwezi wa njaa, kangomba inakufa. Mnada unaousifu ni soko.

#32 Mkulima wa Tandahimba
Mnada ni soko lililowekwa na sheria ya serikali na kusimamiwa na chama cha ushirika. Chagua upande.

#33 Bwana Shamba Mstaafu
Walioniandikia pembeni kuhusu salfa: anza kupuliza machipukizi ya maua yanapotokeza, usingoje uone weupe. Na pogoeni matawi ya ndani kwanza, la sivyo mnamwaga hela.

#34 Kada Mkongwe
Mkulima wa Tandahimba ametaja ushirika, na ajabu ni kwamba uzi mzima ulikuwa haujaugusa. Wachaga walikuwa na KNCU, chama chao cha ushirika cha kahawa, tangu 1933. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na shirikisho lao la Victoria tangu 1955, likiongozwa na Paul Bomani, kubwa kuliko mengi Afrika. Wakulima waliviunda wenyewe kumkwepa mchuuzi aliyewapunja mizani. 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote, kazi ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya kuvirudisha ikaja 1982, watu na mtaji vimeshapotea.

Mimi ni mtu wa Azimio na nitabaki hivyo. Lakini ukiniuliza ni siku ipi korosho, pamba na kahawa vilikosa mwenyewe, nitakutajia 1976. Na hilo halimo katika hoja zako nne, Msomaji. Ushirika haukuwa wa serikali na haukuwa wa tajiri. Mises angeuweka wapi?

#35 Msomaji Mkongwe
Angeuweka sokoni, mzee wangu. Wanachama wanamiliki, wananunua, wanauza, wanapata hasara yao wenyewe.

#36 Msongea
Na Litowa je? Nao walimiliki, wakauza, wakapata hasara yao wenyewe. Nao ni soko?